Nani Mtunzi wa Wimbo? Shairi, Kinanda na Mahakama katika "A Whiter Shade of Pale"

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kulijibu swali la nani mtunzi kabla hatujaanza kazi yenyewe. Tunaitwaa diwani, tunalisoma jina lililo juu ya jalada, kisha tunaingia katika fani na maudhui kana kwamba jina hilo limekwisha kutatua kila jambo. Insha hii inakusudia kulirejesha swali hilo mbele ya uhakiki na kulichunguza kwa kuutazama wimbo ambao haukutungwa kwa Kiswahili wala katika Afrika Mashariki. Wimbo huo ni "A Whiter Shade of Pale" wa bendi ya Kiingereza iitwayo Procol Harum, uliotolewa London mwaka 1967. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni nadra kupata wimbo wa burudani ambao historia ya utungaji wake imechambuliwa kwa makini kiasi hiki, kwa kuwa ilifikishwa mbele ya ngazi tatu za mahakama za Uingereza baina ya mwaka 2006 na 2009. Sababu ya pili ni ya nyumbani kwetu, nami nitaieleza nitakapoifikia.

Tuanze na watu. Gary Brooker alikuwa mwimbaji na mpigaji piano wa The Paramounts, bendi ya vijana wa Southend iliyovunjika mwaka 1966. Keith Reid hakuwa mwanamuziki. Alikuwa kijana aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 15, mwana wa mwanasheria wa Vienna ambaye Wanazi walimkamata mwaka 1938, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno akitafuta mtu wa kuyatia sauti. Guy Stevens, mtu aliyejulikana sana katika biashara ya santuri, ndiye aliyewakutanisha. Reid aliandika, Brooker akakaa kwenye piano na kuyatafutia maneno yale lahani. Bendi ilipoundwa ilipewa jina la paka wa rafiki yao, jina lenye sura ya Kilatini ambalo wenye kuijua lugha hiyo wamelikosoa tangu siku hiyo.

Hapa pana jambo la kwanza linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa ushairi. Reid alihesabiwa kuwa mwanachama kamili wa bendi ingawa hakupiga ala yoyote wala hakuimba. Bendi ilipopanda jukwaani, yeye hakuwa na nafasi ya kusimama. Hata hivyo hakuna aliyetilia shaka kwamba wimbo ule ulikuwa wake kwa nusu, kwa sababu maneno yalikuwa yake na maneno huandikika. Ustaarabu unaotegemea maandishi humtambua haraka mwenye kalamu. Mwenye vidole, ambaye mchango wake umo katika hewa inayotikisika kwa muda mfupi kisha ikatulia, hutakiwa kuleta mashahidi.

Mwenye vidole katika kisa hiki ni Matthew Fisher, kijana wa miaka 21 aliyejiunga na bendi akiwa na kinanda chake cha Hammond. Alipofika, Brooker na Reid walikuwa wamekwisha kuutunga wimbo na kuukabidhi kwa mchapishaji wa muziki mnamo Machi 1967. Hilo halikubishaniwa. Lakini katika mazoezi, Fisher alitunga kipande cha vipimo vinane kinachoufungua wimbo na kurudi baina ya beti. Mwezi wa Aprili bendi iliingia katika studio ya Olympic, London, chini ya usimamizi wa Denny Cordell. Brooker aliimba na kupiga piano, David Knights akapiga gitaa la besi, Ray Royer gitaa, na kwa kuwa bendi ilikuwa bado inajipanga, ngoma zilipigwa na Bill Eyden, mwanamuziki wa jazi aliyekodiwa kwa kazi hiyo. Santuri ilitolewa na kampuni ya Deram tarehe 12 Mei 1967. Lebo ilitaja majina mawili ya watunzi: Reid na Brooker.

Mapokezi yake yalikuwa ya ghafla. Vituo vya redio vilivyorusha matangazo kutoka kwenye meli zilizotia nanga nje ya mamlaka ya serikali viliupiga wimbo huu mara kwa mara, na tarehe 8 Juni ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya Uingereza, ukakaa hapo majuma sita. Marekani ulifika nafasi ya tano. Kwa jumla umeuza zaidi ya nakala milioni 10. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hakuna rekodi iliyokuwa imepigwa zaidi yake katika redio na mahali pa hadhara nchini Uingereza katika muda wa miaka 75 iliyotangulia. Bendi yenyewe ilikuwa changa mno kuubeba mzigo huo. Kabla ya mwaka kwisha, mpigaji gitaa na mpigaji ngoma wake walikuwa wameondoka, na mahali pao pakachukuliwa na wenzake Brooker wa zamani kutoka The Paramounts.

Ni kitu gani kilichopendwa? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu maneno ya wimbo huu hayaeleweki kwa urahisi. Msikilizaji anaingizwa katika chumba chenye dansi na vinywaji, kisha bila taarifa yoyote anakutana na karata, mabikira wa hekalu la Kirumi, safari ya pwani na msagaji nafaka anayesimulia hadithi huku uso wa mwanamke ukibadilika rangi. Wafasiri hawakukawia. Wako walioona ulevi, walioona mihadarati, walioona kifo baharini na walioona kitendo cha mapenzi kilichofunikwa kwa taswira. Wasomi wa fasihi ya Kiingereza walimkumbuka mara moja Chaucer, ambaye katika Canterbury Tales anaye msagaji mlevi anayesimulia kisa cha aibu. Reid alikana. Alisema hajapata kuisoma hadithi hiyo maishani mwake. Kwa maelezo yake, kichwa cha wimbo alikipata katika karamu aliposikia mtu akimwambia mwanamke kwamba amepauka, na nia yake ilikuwa kujenga hali ya moyo, kama filamu, kuhusu uhusiano unaovunjika.

Tena, maneno tunayoyafasiri si shairi zima. Reid aliandika beti nne. Santuri ina mbili. Ubeti wa tatu ulisikika nyakati fulani jukwaani, na wa nne kwa nadra zaidi. Mamilioni ya wasikilizaji wamekuwa wakigombana juu ya maana ya shairi walilopewa nusu yake. Mhakiki aliyezoea kulaumu ugumu wa mashairi ya kisasa hana budi kusita hapa. Sisi wenyewe tumeyapitia mabishano ya namna hii tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wengine wakishikilia kwamba shairi lisiloshika vina na mizani na lisilofunguka kwa msomaji wa kawaida si shairi, wengine wakijibu kwamba maisha yenyewe hayana vina. Wimbo wa Reid una vina, lakini haufunguki. Na bado umependwa na watu ambao wasingelinunua diwani moja la ushairi mgumu katika umri wao wote.

Jibu langu ni kwamba kinanda ndicho kilichowafundisha namna ya kuyasikiliza maneno. Kabla neno la kwanza halijatamkwa, kipande kile cha vipimo vinane kimekwisha kuweka hali ya ibada. Sauti ya Hammond inakaribiana na ya kinanda cha kanisani. Sauti za chini zinashuka ngazi baada ya ngazi, na mwendo huo umewakumbusha wengi Johann Sebastian Bach, hasa kipande chake mashuhuri kutoka katika mkusanyo wa tatu wa muziki wa okestra. Msikilizaji akishaingizwa katika hali hiyo, hatafuti tena maana kama anavyoitafuta katika barua. Anayapokea maneno kama yanavyopokewa maneno ya ibada katika lugha isiyofahamika, kwa heshima kwanza na kwa fahamu baadaye, ikiwa fahamu itakuja. Na ubeti unapokwisha bila kueleza lolote, kinanda hurudi na kusimama mahali ambapo maelezo yangekuwa. Kwa maoni yangu, beti mbili zilizoachwa hazikukosekana kwa sababu nafasi yake ilikuwa imekwisha kujazwa na kinanda.

Nimewahi kulijaribu dai hili darasani, bila kudai kwamba ni utafiti. Niliwapigia wanafunzi wa uzamili mwanzo wa wimbo, nikauzima kabla sauti ya mwimbaji haijaingia. Wengi wao hawakuijua bendi. Mmoja alisema amesikia mazishi, mwingine akasema harusi, wa tatu akasema mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi. Kisha niliwasomea maneno peke yake, pasipo muziki. Walitazamana. Baadaye tulipoyaunganisha mawili hayo, mwanafunzi aliyesema mazishi alisema sasa anaelewa, ingawa hakuweza kutueleza alichokielewa. Tukilishika kwa uthabiti lile fundisho letu kwamba fani huzaa maudhui, basi katika wimbo huu sehemu kubwa ya maudhui ilizaliwa na fani iliyotungwa na mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye lebo.

Mwaka uleule wa 1967, Roland Barthes alichapisha kwa Kiingereza, katika jarida la Marekani liitwalo Aspen, insha yake fupi kuhusu kifo cha mwandishi. Insha hiyo imefundishwa katika idara zetu kwa miaka mingi. Inatuambia kwamba matini ni mfumo wa nukuu zisizo na idadi, na kwamba umoja wa matini haupatikani katika asili yake bali katika mwisho wake, yaani kwa msomaji. Kwa upande wa ufasiri, nakubali. Kukana kwa Reid hakukumwondoa Chaucer katika wimbo. Msomaji aliyemleta amemleta, na hadithi ya msagaji imekaa humo kwa starehe. Na tukiuliza mwendo ule wa sauti za chini ni wa nani, tutapita kwa Fisher na Brooker tufike kwa Bach, na Bach mwenyewe aliukuta mwendo wa namna hiyo kwa waliomtangulia.

Lakini kuna pahali ambapo insha ya Barthes haitusaidii. Michel Foucault, katika mhadhara wake wa mwaka 1969 kuhusu mwandishi ni nini, alikumbusha kwamba jina la mwandishi lilipata uzito katika historia pale ambapo palihitajika mtu wa kuadhibiwa kwa maneno yake, na pale ambapo maneno yalianza kuwa mali. Santuri ile ya 1967 ilikuwa mali. Kila ilipouzwa, kila ilipopigwa redioni, mirabaha ya utunzi ilikwenda kwa watu wawili na mchapishaji wao. Kwa Fisher, mwandishi hakuwa amekufa. Alikuwa hai, akipokea hundi kila mwaka, naye alikuwa mtu mwingine.

Hapa ndipo ninapoifikia sababu ya pili. Kaka yangu alikuwa mpigaji kinanda. Katika miaka ya sabini alipiga katika bendi iliyokuwa ikiwatumbuiza wageni katika hoteli ya pwani, na kipande cha Fisher alikijua kwa masikio tu, kwa kuwa wageni walikiomba karibu kila usiku. Bendi yao iliingia studio mara kadhaa. Katika mojawapo ya nyimbo walizorekodi, kaka alitunga utangulizi wa kinanda, akalipwa ujira wa siku, na santuri ikatoka na jina la mtu mmoja. Sitautaja wimbo huo wala mwenye jina, maana yeye pia ametangulia mbele ya haki na si mahali hapa pa kumshitaki. Ninaloweza kulisema ni kwamba wimbo bado unapigwa katika harusi, na kwamba waliohudhuria huanza kushangilia kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kaka hakudai kitu. Alikuwa akisema kwamba kinanda alikodishiwa lakini vidole vilikuwa vyake, kisha akicheka na kubadili mazungumzo.

Baada ya arobaini yake, binti yake alinijia na swali. "Ami," aliniambia, "wewe ni msomi wa mashairi. Wanangu wanausikia ule wimbo kila harusi. Niwaambie ni wa babu yao, au si wake?" Nilimwomba anipe muda. Sikuwa na jibu ambalo taaluma yangu ilikuwa imenipa. Ningeweza kumweleza kuhusu kifo cha mwandishi, lakini mtu ambaye jina lake halijapata kuandikwa hawezi kufaidika na nadharia inayolifuta. Lazima liandikwe kwanza. Ndipo nilipoisoma kesi ya Fisher kwa makini, si kama shabiki wa muziki wa roki, bali kama mtu anayedaiwa jibu.

Fisher aliiacha bendi mwaka 1969, akarudi ilipofufuliwa mwaka 1991, akaondoka tena mwaka 2004. Mwaka 2005 alifungua kesi. Iliposikilizwa katika Mahakama Kuu mwaka 2006, ilikuwa bahati njema kwamba Jaji Blackburne alikuwa amesomea muziki pamoja na sheria. Brooker alijitetea kwa hoja ambazo haifai kuzipuuza. Alisema wimbo ulikuwa umekamilika kabla Fisher hajafika. Alisema kipande cha kinanda kimejengwa juu ya mfuatano wa sauti ambao yeye ndiye aliyeutunga kwenye piano. Nje ya mahakama, baada ya kushindwa, alionya kwamba sasa kila mtu aliyewahi kupiga ala katika santuri yoyote anaweza kujitokeza na kudai sehemu yake. Hofu hiyo ni ya kweli. Mpigaji ngoma aliyekodiwa kwa siku moja, je, naye ni mtunzi? Fundi aliyeweka maikrofoni mahali pafaapo, je?

Jaji alitofautisha mambo mawili ambayo sisi wahakiki aghalabu huyachanganya: wimbo kama ulivyokabidhiwa kwa mchapishaji mwezi wa Machi, na wimbo kama ulivyosikika katika santuri ya mwezi wa Mei. Wa kwanza ulikuwa wa Reid na Brooker bila shaka. Wa pili ulikuwa na kitu kipya kilichotungwa kwa ustadi na juhudi, kitu ambacho kwacho watu wanautambua. Kwa hiyo Fisher alikuwa mtunzi mwenza wa muziki wa santuri ile. Alikuwa ameomba nusu. Alipewa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki, kuanzia siku alipofungua madai mwaka 2005. Miaka iliyotangulia hakulipwa.

Mahakama ya Rufaa, mwezi wa Aprili 2008, ilikubali kwamba alikuwa mtunzi mwenza lakini ikamnyima mapato, kwa kuwa alikuwa amekaa kimya miaka 38. Tarehe 30 Julai 2009, Baraza la Malodi lilitengua uamuzi huo kwa kauli moja. Sheria, walisema, haikuweka ukomo wa muda kwa dai la namna hii, na kimya cha Fisher hakikuwa kimewadhuru wapinzani wake. Kwa miaka yote ile wao ndio waliofaidika nacho. Jaji mmoja, Lady Hale, aliandika kwa ufupi kwamba yeye ni miongoni mwa wanaoikumbuka miaka ya sitini, na kwamba amefurahi kuona mtunzi wa kipande kile cha kinanda ametambuliwa hatimaye. Ilikuwa miongoni mwa hukumu za mwisho za Baraza hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilianza kazi na kuchukua nafasi yake. Brooker alifariki mwaka 2022, na Reid akamfuata mwaka 2023.

Tunajifunza nini katika hukumu hii sisi ambao si mahakimu? Nadhani tunapata kipimo, na pia tunapata onyo. Kipimo ni hiki: mchango wa mtu ni utunzi ikiwa ukiondolewa, wasikilizaji hawatautambua tena wimbo kuwa ni uleule, au watautambua kwa shida. Ngoma za Bill Eyden ni nzuri, lakini mpigaji mwingine hodari angeweza kushika nafasi yake na wimbo ukabaki. Kipande cha Fisher hakibadilishiki namna hiyo. Anayekipiga kwa filimbi njiani amekwisha kuutaja wimbo mzima. Na wala si hoja kwamba Fisher aliazima kutoka kwa Bach. Mshairi anayetunga katika bahari ya shairi lenye mizani kumi na sita hakuibuni bahari hiyo, wala hakuna anayemnyima jina lake kwa sababu hiyo. Uasilia wake uko katika alichokifanya ndani ya kanuni alizozirithi.

Onyo ni kuhusu kimya. Fisher alikuwa na mambo ambayo wengi hawana: santuri iliyohifadhiwa, mpinzani aliye hai wa kuhojiwa, wakili, na miaka ya kutosha. Ushairi wetu wenyewe unaonyesha jinsi jina linavyotegemea nani alikuwa na kalamu. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alijitambulisha ndani ya beti zenyewe, naye hajapotea. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, tunaye kwa sababu wengine waliyakusanya mashairi yake baada yake. Katika taarabu, maneno huweza kuwa ya mmoja, lahani ya mwingine na sauti ya wa tatu, na umma humtaja huyo wa tatu peke yake. Mabishano kuhusu nani hasa aliyetunga "Malaika" yamedumu kwa miongo, na kila upande umetegemea kumbukumbu za watu kuliko karatasi. Si kwamba utamaduni wetu hauthamini utunzi. Ni kwamba tumekuwa tukiuliza swali la umoja, nani mtunzi, mahali ambapo jibu ni la wingi.

Nilipomrudia binti wa kaka yangu, nilimwambia mambo matatu. La kwanza, wimbo ule si wa babu ya wanawe peke yake, na wasijisifu hivyo mbele ya watoto wa aliyetunga maneno, kwa kuwa hao nao wana haki yao. La pili, utangulizi ni wake, na kwa kipimo nilichokieleza hapo juu, mwenye utangulizi ule ni mmoja wa watunzi. La tatu, sina fedha za kumpa wala karatasi ya kumfikisha mahakamani. Ninaye shahidi mmoja tu, mpigaji besi wa bendi ile, mzee sasa, ambaye nimeyarekodi maelezo yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza maelezo ya mzee huyo yatawekwa wapi. Swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu.

Idara nyingi za Kiswahili hukusanya nyimbo kwa fomu ya nyanjani. Fomu tuliyoirithi sisi ina mstari mmoja ulioandikwa "Jina la mtunzi". Mtafiti kijana anayefika kijijini au mjini huujaza kwa jina la kwanza analotajiwa, kwa kawaida la mwimbaji, kisha huendelea. Ninapendekeza mstari huo uondolewe na mahali pake iwekwe mistari minne: aliyetunga maneno, aliyetunga lahani, aliyetunga sehemu za ala zinazoutambulisha wimbo, na aliyeuimba uliporekodiwa, na chini yake mtafiti aeleze amejuaje. Mstari wowote unaweza kubaki mtupu. Mstari mtupu ni ushahidi pia, maana unamwambia mtafiti ajaye kwamba alikuwapo mtu ambaye bado hajatafutwa, ilhali mstari mmoja uliojazwa kwa haraka unamzuia asitafute.

Fomu ya kwanza ya namna hiyo nimekwisha kuijaza na kuiweka katika hifadhi pamoja na kaseti ya mzee mpigaji besi. Mstari wa kwanza, wa pili na wa nne una majina ambayo msomaji yeyote wa nyimbo za pwani angeyatarajia. Mstari wa tatu una jina la kaka yangu. Mbele ya jina, mahali pa kueleza nimejuaje, nimeandika: shahidi mmoja, aliyekuwapo, dai halijapingwa wala halijathibitishwa na mwingine.